Maneno ya Sakina Ambayo Hayakusahihishwa

Sisi tuliosoma Kindu wakati nchi ingali ikiitwa Zaire, Kiingereza tulijifunza kwa mchezo. Vitabu havikuwapo. Mwalimu wetu, Mwalimu Kitenge, aliingia darasani na kipande cha chaki na abakosti yake, koti rasmi la enzi hizo lisilovaliwa na tai, iliyopauka mabegani, akaandika herufi mbili ubaoni, kisha akageuka na kukunja mikono. Kazi iliyobaki ilikuwa yetu. Akiandika "br", mmoja anarusha "bread", mkate. Mwingine "bridge", daraja. Mwingine "broom", ufagio. Neno lisilo na maana yake kwa Kiswahili lilitupwa, hata ungelitamka vizuri namna gani. "Neno bila maana ni chungu bila chakula," alipenda kusema. Mstari wa madawati ulioshindwa ulibaki kufagia darasa.

Mchezo huo ulitufuata mpaka nje. Tulirushiana maneno tukienda kuteka maji mto Lualaba, tukitwanga sombe, majani ya mihogo, tukila mihogo ya kuchoma inayounguza vidole. Mama yangu alitusikiliza akacheka: "Hiyo Kingereza yenu inapika sombe?" Haikupika, lakini sisi tulishiba.

Hakuna aliyemweza Sakina, jirani yangu, binti wa Mzee Ramazani fundi cherehani. Sisi wengine tulikwama, tukaangalia dari. Yeye aliokota maneno kama anayechambua mchele, bila haraka. Alitaka kuwa mwalimu wa Kiingereza, na mlango ulikuwa pale, mwisho wa mwaka wa tatu wa sekondari. Aliyefaulu mtihani aliingia sehemu ya ualimu.

Bahati mbaya Mungu alimpa na sauti. Mnaoikumbuka animasyo mnanielewa. Mgeni mkubwa wa Chama akitarajiwa, wenye sauti nzuri walitolewa darasani kwenda kufanya mazoezi ya kumwimbia na kumchezea Kiongozi. Mwaka ule tulitangaziwa mgeni anayekuja kwa treni. Sakina akavalishwa kitenge chenye picha ya Kiongozi, kiti chake kikabaki kitupu wiki baada ya wiki. Sisi wenye sauti za vyura tulimwonea wivu. Laiti tungejua.

Treni ikachelewa, kama ilivyokuwa desturi yake. Mapokezi yakasogezwa, yakasogezwa tena, mpaka yakaangukia siku ya mtihani. Mwalimu Kitenge alikwenda kwa mkuu wa shule kumwombea Sakina. Tulimsikia mkuu kupitia dirishani, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya woga: "Sitwayen," ndivyo watu walivyoitana enzi hizo badala ya Bwana, "unataka tufungwe sisi wote juu ya mutoto mumoja?" Mwalimu alirudi, akagawa karatasi, akaandika herufi mbili ubaoni kama katika mchezo wetu, hakutuangalia usoni.

Tuliandika huku ngoma za stesheni zikisikika. Jioni nilimkuta Sakina njiani, vumbi mpaka magotini, sauti imekauka. Mgeni alikuwa ameshuka, akapunga mkono, akapanda gari, yakaishia hapo. Sakina aliniuliza jambo moja tu.

"Mwalimu alitosha letre gani?"

Nikamwambia herufi alizotoa ni "st". Akaanza palepale, kwa sauti ile iliyokwaruzika. "Stone", jiwe. "Star", nyota. "Story", hadithi. "Stranger", mgeni. Tulifika mlangoni kwao bado anataja, na mengi sikuwa nimeyaandika.

Kurudia darasa, Mzee Ramazani alikataa. "Nilimutuma kusoma, wao wakamuchezesha. Sasa abakie asaidie mama yake." Hakusema kwa ukali. Mwalimu Kitenge alikuja kumsihi, akanywa chai, akaaga. Basi mimi niliyefaulu nikawa mwalimu, na Sakina akauza samaki wanaoletwa kutoka Lokandu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na sijui nimlaumu nani.

Siku hizi wajukuu zangu wana Kiingereza chote ndani ya simu. Ukiwauliza neno wanabonyeza, wanakusomea, kesho wamelisahau. Tena wanayafupisha maneno kabla hawajayajua yakiwa marefu. Sisi hatukuwa na simu wala kitabu, tulikuwa na vichwa tu, na vichwa vyenyewe vikaenda kupigishwa ngoma juani.

Majuzi nilikwenda sokoni na mjukuu wangu. Nilipofika kwenye meza ya Sakina nikamrushia zile herufi za mtihani, mzaha tu. Alipangusa mikono yake kwenye kitenge, akayataja tena maneno yale, moja baada ya jingine na maana zake, huku mtoto akihangaika kumfuata kwenye simu.

"Koko," mtoto akamwita, kama anavyomwita bibi yeyote, "wewe ulisomea wapi?"

Sakina alimaliza kwanza kutufungia samaki.

"Hapa hapa Kindu," akasema. "Ile mutihani nilijibu yote. Lakini nilijibia ku njia."