Skrini Ilisema Nne

Fundi wetu wa kompyuta amefariki. Niliambiwa Jumatatu nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na aliyeniambia akaongeza kwamba mwenye zahanati ndiye aliyesimama makaburini kule Migato akamwita kijana mwaminifu. Nilikaribia kuangusha debe la mahindi. Mwaminifu! Mbona basi ulimfukuza kazi, bwana mwenye zahanati?

Mnaosoma ukurasa huu mnajua siamini haraka. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, Bariadi imejaa zahanati za watu binafsi, vigae vinang'aa, kompyuta zimetumika kwanza Ulaya. Kompyuta ya zahanati yetu ilitumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni wa bure, na skrini ya mapokezi ilionyesha ubaridi wa friji ya chanjo. Digrii nne. Sisi akina mama tuliipenda skrini ile. Siku moja nimembeba mwanangu wa kwanza, tumefuata chanjo ya pili, fundi kaitwa kutengeneza printa. Akapita chumba cha chanjo, akagusa chupa, akatoka mbio, akaniita mama kwa kilugha chetu. "Mayu, mtoto asichomwe leo. Friji ile ina joto." Nikamwambia skrini inasema nne. "Skrini inasema ilichoambiwa." Nikamjibu mbele ya watu: "Wewe unatafuta kibarua tu!" Foleni nzima ikacheka.

Hakugombana. Alifungua boksi la kompyuta akanionyesha kadi ya nyongeza, ile inayochomekwa ndani na kupokea nyaya mbili, moja ya friji ya chanjo, nyingine ya friji ya maabara. Kadi ya kwanza iliungua, muuzaji akaleta ya aina nyingine, imepanga nyaya kinyume. Sasa, ndani ya mashine kuna jedwali linaloieleza Linux kadi ina nini na kipi kiko wapi. Draiva, yaani programu inayoendesha kadi, haichunguzi nyaya. Inasoma jedwali, inaamini. Na jedwali bado lilieleza kadi iliyoungua. Nne yetu ilikuwa ya maabara! Akaliandika upya, akawasha. Ishirini na sita. Nikakumbuka kwamba mwezi mmoja kabla mwanangu alichomwa chanjo ya kwanza kutoka friji hiyohiyo.

Mwenye zahanati akatokea. "Zima hiyo, unanifukuzia wateja." Fundi akasema, "Bosi, waite waliochomwa, warudie." Alifukuzwa palepale, bisibisi bado mkononi. Aliyezunguka kwa baiskeli kuwaambia wazazi wengine ni yeye, siyo mimi niliyemtukana. Wanangu wako hai, na sikumwomba radhi hata siku moja.

Ndiyo maana nikisikia sifa za makaburini nauliza nani kaziandika, na kama alitazama nyaya. Maofisini kwetu kuna majedwali mengi ya kadi zilizokwisha kuungua, na sisi tunayasoma kama draiva. Wiki hii nilimpeleka mwanangu wa pili kuchanjwa. Nikaomba friji ifunguliwe. Nesi akacheka: "Mayu, kwani skrini huioni?" Naiona. Nikaingiza mkono.