Hatua Nne Zilizobaki

Sikuondoka Tanga kwa kupenda kutembea. Niliondoka kwa sababu ya jina. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na pale barazani kwetu Ngamiani tunapokunywa kahawa walikuwa wamenibandika jina la "Kitabu Kasema", ati kila ninalolisema nimelisoma, hakuna hata moja nililoliona. Jioni moja nikawaeleza kuwa mstari wa tano wa kusini na mstari wa thelathini na nane wa mashariki hukutana katika nyika yetu wenyewe, nyuma ya Mombo, ng'ambo ya mto. Mzee Saidi kinyozi akaniuliza, "Wewe umepaona?" Walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia, na mimi hasira zikanipanda.

"Likizo hii nakwenda," nikaapa, "na nisipopakanyaga kwa mguu wangu huu, niiteni Kitabu Kasema mpaka mnizike!" Wallahi nilijuta kabla sijafika nyumbani, lakini kiapo kilishatoka.

Nikamshika rafiki yangu Mhina, Mbondei wa Muheza, aliyewahi kuwaburutia wapima ardhi mnyororo wao wa kupimia. Alikuwa na dira, na alikuwa na miguu: siku zote hujisifu kuwa hatua yake moja ni yadi moja kamili, bwana mpimaji mwenyewe alimpima. Wa tatu hakualikwa. Huyo ni Mwanaidi, binti wa shangazi yangu, mtani wangu kwa haki zote.

Saa moja asubuhi tulipopanda gari la moshi, daraja la tatu, tulimkuta keshakaa dirishani na kapu lake la mikate ya kumimina.

"Nakwenda Mombo kumwona mama mdogo," akasema.

"Tukifika Mombo utashuka," nikamwambia.

"Nitashuka. Kwani nyinyi mtapita?"

Mikonge ikaanza, safu kwa safu, mpaka macho yakachoka. Tulipofika Muheza, Mhina alinunua machungwa dirishani, na kabla ya Korogwe alikuwa keshayamaliza, yake na yetu. Alasiri tukashuka Mombo tukalala kwa mama mdogo. Alfajiri nilipotoka kwa kunyata, Mwanaidi alikuwa mlangoni, kanga moja kaifunga kiunoni, ya pili kichwani, na kibuyu cha maji juu yake.

"Mama mdogo nimeshamwona," akasema. "Twendeni."

Siku hiyo ya pili ndiyo iliyonitia adabu. Tulivuka mto kwa magogo, na ng'ambo kukawa hakuna tena kijani, ni migunga, vumbi na mbigili. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ngozi ili nifanane na msafiri. Kufika adhuhuri nachechemea, na chupa yangu ya maji imekauka. Nikamwomba Mwanaidi.

"Sema kwanza: dada Mwanaidi, kitabu hakinyweki."

Nikasema. Mara ya pili kiu iliponishika nikasema bila kuombwa, na Mhina akaanguka chini kwa kucheka.

Jioni tulipokewa na Mzigua mmoja mfuga mbuzi, akatupa maziwa na ngozi za kulalia. Akauliza tunatafuta nini.

"Mahali inapokutana mistari miwili," nikamjibu.

"Ya reli?"

"La, ya ramani."

Akafikiri sana. "Mimi nachunga huko tangu sijaota ndevu. Sijaiona, wala mbuzi wangu hawajajikwaa."

Mwanaidi alimshukuru kwa mikono miwili.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, tulipanda kilima ambacho juu yake wapima ardhi walisimika nguzo fupi ya saruji. Nguzo hiyo imo katika ramani. Kwa ramani yangu, mistari hukutana kusini yake hasa, maili moja na robo, yaani hatua elfu mbili na mia mbili za Mhina. Akashika dira, akaanza kuhesabu kwa sauti. Miiba ikimchana hakupinda, mradi asiharibu hesabu. Mimi nyuma, nawaona wazee wa Ngamiani wananipisha kiti.

Kwenye hatua ya elfu mbili mia moja tisini na sita Mhina alisimama, pua yake imegusa ukuta wa udongo. Ilikuwa nyumba ndogo, mlango umeshushwa mkeka.

"Zimebaki nne," akasema. "Ni humo ndani."

Kabla sijazunguka mlangoni, akatoka bibi mmoja na mwiko mkononi. "Hapo hapo! Wanaume mkome hapo hapo! Ndani mna mwali."

Msichana aliyewekwa ndani kufundwa haonwi na mwanamume, na huyu bibi ndiye kungwi wake.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Rudi nyuma."

Nikamweleza yote: ramani, kiapo, jina. Nikamwomba anifunge kitambaa machoni niingie hatua nne tu, nitoke.

"Hata Bwana Shauri akija na askari wake hapiti mlango huu," akasema. "Wewe unakuja na miguu yako hiyo ya malengelenge?"

Hapo Mwanaidi akashusha kibuyu, akajifuta vumbi usoni, akaamkia. Bibi akamwinulia mkeka bila neno. Mhina akamwelekeza kwa kidole: kutoka ukuta huu, moja kwa moja, nne.

Alikaa humo muda mrefu. Tulisikia minong'ono, kisha kicheko cha watu wawili. Akatoka hana kanga ya kichwani, kamtuza mwali.

"Umepakanyaga?" nikamuuliza.

"Nitasema Ngamiani."

Nilimbembeleza njia nzima, siku mbili za mguu, nikambebea kibuyu. Hakusema. Ndani ya gari la moshi Mhina akaninong'oneza, "Wewe sema umekanyaga. Mimi sitakuumbua." Nami, Mungu anisamehe, kutoka Mombo mpaka Muheza nilikuwa naupanga uwongo wangu, hata rangi ya udongo nilishaichagua.

Jioni ya kurudi baraza lilijaa. Mzee Saidi akaweka wembe chini. "Haya, mwalimu. Umepakanyaga?"

Uwongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikamwona Mwanaidi kwenye mlango wa nyumba ya pili, ananitazama, safari hii hacheki. Nikaona aibu.

"Sikupakanyaga," nikasema. "Zilibaki hatua nne. Aliyeingia ni Mwanaidi."

Wakamwita. Akaja mpaka ukingoni mwa baraza.

"Nilihesabu tatu," akasema. "Ya nne iliangukia mkekani, na mwali kaukalia, haruhusiwi kuinuka. Nikamwambia, mwanangu, hapo ulipokaa inapita mistari miwili ya dunia, na huyo mwalimu nje kaja toka Tanga kupakanyaga. Akapapasa chini ya makalio yake, akaninong'oneza: 'Ndiyo maana siku zote pananiwasha!'"

Mteja wa Mzee Saidi, nusu ya kichwa kanyolewa, alicheka mpaka akashuka kitini. Kelele zilipotulia Mzee Saidi akafuta machozi, akatoa hukumu.

"Mwalimu hakupakanyaga, lakini kasema kweli. Hilo la Kitabu tumelifuta."

Nikashusha pumzi. Nikajifunza siku ile kuwa kweli humwokoa mtu. Nikachangamka, nikaanza kuwaeleza jinsi mwali alivyokaa, mkeka ulivyosukwa, na sauti yake ilivyokuwa ndogo.

"Wewe umemwona?" akauliza Mzee Saidi.

Tangu jioni ile Ngamiani nzima inaniita Mwanaidi Kasema.