Kinanda Kisichouzwa Tena

Mume wangu ni prodyuza wa muziki, na kwa miaka kumi na mitatu nimeishi na mke mwenzangu. Ni kompyuta kuukuu, inanguruma kama jokofu bovu, na imebandikwa karatasi: USIGUSE. NA WEWE PIA. Hiyo "na wewe pia" ni mimi.

Ndani yake kuna kinanda. Si cha mbao. Ni programu tu, unabonyeza vitufe, sauti inatoka kwenye spika. Kampuni iliyokitengeneza ilishafunga milango, hakiuzwi tena popote. Vipya vipo tele, lakini yeye hataki hata kuvisikia. "Vimenyooka mno," husema. Chake kina kilema: noti moja ya katikati hukwaruza kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea. Nyimbo zake zote zina mkwaruzo huo, hata wimbo tulioingia nao ukumbini siku ya harusi yetu. Mimi nilikuwa namwambia huo ni uvivu wa kujifunza.

Sasa nisikilizeni nilivyojitia kiherehere. Mama Sauti, mwalimu mstaafu aliyeimba kwaya maisha yake yote, alikuwa amesharekodi wimbo kwetu. Jumatatu alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa koo, na daktari hakumficha: huenda asiimbe tena. Aliomba kitu kimoja tu, ausikie wimbo wake umekamilika kabla hajalazwa. Alhamisi mume wangu akatoka kununua waya. Nikaingia studio yake ya hapo nyumbani kufuta vumbi, nikaona kompyuta imeganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu, ikaniuliza kama isasishwe. Nikakubali. Nilitaka kumsaidia, jamani.

Ilipowaka tena, kinanda kikadai kibali kutoka kwa kampuni yake. Ile ile iliyokufa.

Prodyuza mwingine angekuwa na sauti ya kinanda ameshairekodi na kuihifadhi. Wangu hafanyi hivyo. Huacha maagizo matupu, kitufe gani kibonyezwe lini, ili aendelee kubadilisha mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo Mama Sauti alikuwa anaimba, na chini yake kimya. Mume wangu alijaribu vinanda vipya vitano, akavizima vyote. Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu; yeye alikaa tu akiangalia ukuta, na mimi nikajiona mchawi ndani ya nyumba yangu.

Mtu mmoja tu mjini alikuwa bado na kinanda kile: mwanafunzi wake wa zamani, binti aliyemfundisha kazi kuanzia kukunja waya. Siku alipoondoka kufungua studio yake, mume wangu aliapa hatakanyaga kwake. Huu ni mwaka wa tisa. Ijumaa asubuhi nikatia flashi yenye wimbo kwenye pochi, nikapiga moyo konde, nikaenda.

"Shikamoo, mama. Mwalimu anajua uko hapa?" binti akauliza.

"Marahaba. Anajua niko saluni."

Akacheka. Nikamweleza yote, hata lile la vumbi. Akaguna.

"Kinanda kipo. Lakini kazi yake siigusi yeye akiwa hayupo. Kesho atasema nimeiharibu. Mpigie."

"Hatakuja."

"Mwambie ni kwa ajili ya Mama Sauti."

Alikuja. Alisimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba, akatazama huku na huku, kisha akasema, "Bado unaweka maiki karibu na dirisha."

"Shikamoo, mwalimu," binti akajibu, akamvutia kiti.

Wakaingiza flashi, wakafungua wimbo. Ilipofika ile noti ya katikati, mkwaruzo ukatoka. Nililia. Miaka yote hiyo nimeusema vibaya, kumbe nilikuwa nimeuzoea kama kikohozi cha mtu wa nyumbani.

Kompyuta ya binti nayo ilikuwa inachungulia kaburi, kwa hiyo wimbo ulipokamilika, Jumamosi walirekodi kinanda chote: kitufe kimoja, polepole, kisha kwa nguvu, wasubiri sauti ife kabisa, ndipo waende kitufe cha pili. Kutwa nzima. Mimi nilikatazwa hata kupiga chafya.

Jumapili mchana, binti naye akiwepo, Mama Sauti alikuja kwetu na begi lake la hospitali. Aliusikiliza wimbo wote, akauomba tena. Kisha akauliza imekuwaje mwalimu na mwanafunzi wamekaa chumba kimoja. Wakamweleza.

"Kwa hiyo mashine mmeirekodi noti moja moja, isipotee?"

"Ndiyo, mama," mume wangu akasema.

"Na mimi je?"

Binti aliinuka akaweka maiki, mbali na dirisha safari hii. Mama Sauti akavua viatu, akasimama, akaanza kutoka chini kabisa: aaa moja, akanyamaza, tukasubiri, aaa nyingine. Alipofika katikati, koo likamkwaruza.

"Hiyo turudie," akasema, na mume wangu akanyoosha mkono kuifuta.

"Iache!" nikasema, mimi niliyeambiwa nisifungue mdomo.

Wote watatu wakanigeukia. Mama Sauti akacheka, akanywa maji, akapanda hadi noti iliyofuata.