Moto Uliopanda kwa Vidya

Kule Nakuru Vidya, bibi yangu wa Kihindi, alitembea na ufunguo wa kabati la sukari kiunoni, na mimi nilikuwa yaya wa binti yake, Nalini. Sebuleni kwake nilikaa sakafuni juu ya gunia. Viti havikuwa vya mtu kama mimi. Mwaka 1968 yeye na mumewe, Vinubhai, walihamia Uingereza wakanichukua nimlee mtoto, wakaniahidi mshahara na nauli ya kurudi. Pesa zao zikazuiwa Kenya, Vinubhai akaishia kusukuma toroli kiwandani zamu ya usiku, na ahadi yangu ikafa. Nikaingia kufua shuka za hospitali. Mama yangu alizikwa bila mimi.

Tulibaki katika nyumba moja, mtaa wa Sparkhill, Birmingham, maana Gurdev, mwenye nyumba, alipangisha chumba kimoja kimoja, na kwingine tulifungiwa milango kwa rangi yetu. Wao juu, mimi chini. Kila chumba kilikuwa na moto wa gesi ukutani na mita yake. Usipoilisha shilingi, unazimika. Jumamosi nilisafisha nyumba ya tajiri mmoja mtaa wa Edgbaston. Kule mabomba ya joto yalipita hadi ukumbini, na bibi mwenye nyumba hufungua madirisha kwa kuwa joto limemzidi. Nikiwa kwenye basi nikirudi nilijiuliza ile mbingu ya Birmingham wanampashia nani.

Baridi ya mwaka 1970 Gurdev alipandisha kodi. Jioni moja nikaona mistari ya mwanga kwenye dari yangu, pale plasta ilipobomoka. Zamani haikuwapo. Nikapanda juu. Walikuwa wamekunja zulia lao, mbao tupu, na Nalini amelala kifudifudi pale joto la moto wangu lilipopenya kutoka chini, kifua kikimkoroma. Moto wao ulikuwa umezimwa. Vidya, koti mwilini, alinitazama kama mwizi aliyekutwa na kuku mkononi.

Nikashuka chumbani kwangu. Kesho yake nilimwambia Gurdev kwamba mwezi ukiisha nahamia bweni la wafanyakazi wa hospitali. Habari ikafika juu kabla sijamaliza chai.

Vidya akaja kubisha. Alikuwa hajawahi kubisha mlango wangu wowote.

"Mwanakhamis," alisema, na kabla ya hapo sikujua kama analijua jina langu. "Ile moto yako mimi naiba. Tangu Krismasi."

"Najua."

"Ukihama, kifua ya mtoto itamaliza yeye."

Nikamkumbusha kile chumba cha uani kwake Nakuru, na usiku nilipomwomba blanketi la pili. "Ulinijibu nini?"

Aliangalia viatu vyake. "Nilisema nyinyi mmezoea."

"Basi na wewe zoea."

Alipanda ngazi polepole, akishika ukuta.

Mchana kutwa kazini nilikunja shuka nikisikia kile kifua. Mgongo huu ndio uliombeba Nalini. Maneno yake ya kwanza alinitamkia mimi, kwa Kiswahili, ingawa siku hizi alinijibu Kiingereza tu.

Niliporudi, chumba changu kilikuwa na joto. Ufunguo nilikuwa nikiuweka juu ya mlango, na Nalini alijua. Yeye alikuwa kwenye kiti changu, anafanya hesabu za shule. Mama yake alikuwa sakafuni, juu ya gunia.

"Shilingi ni yangu," Vidya alisema bila kunitazama. "Kila siku nitaleta. Moto moja itatosha sisi wote, kama hutahama."

Gunia alilipata wapi nchi ile, sijui. Kiti cha pili kilikuwa na nguo zangu za kazi.

Bweni sikwenda. Nilibandika sufuria, nikaongeza maji ya watu wawili zaidi, lakini zile nguo sikuziondoa. Nalini aliacha hesabu zake. Alimtazama mama yake pale chini, akakitazama kile kiti, kisha akanitazama mimi. Nikainamia sufuria, nikakoroga uji ambao bado ulikuwa maji.