Nilivyokwenda Kuuleta Mlima

Kwetu ni juu ya Karatina, kule majani chai yanapokaribia msitu. Siku ya anga safi mlima huonekana kutoka mlango wa jikoni kama ng'ombe aliyelala nyuma ya ua wa jirani. Nilipokuwa na miaka mitano hivi sikujua kwamba mlima hausogei. Asubuhi uko, watu wakishakunywa chai hauko, mimi ningejuaje? Nilidhani una malisho yake, unakwenda na kurudi.

Mwezi wa saba ule mlima ulikwenda na haukurudi. Ukungu ulishuka ukakaa, manyunyu mchana kutwa, nguo hazikauki. Na Shosho, nyanya yangu, alikuwa kitandani. Alikuwa ameteleza kwenye tope kati ya jikoni na zizi, akaangukia nyonga. Daktari alimtazama akasema mfupa haujavunjika, kinachotakiwa ni ainuke atembee. Shosho akakataa.

"Nitaamka mlima ukitokea," alimwambia mama. "Sasa nitoke nje nikaone nini? Ukungu?"

Alisema akicheka. Lakini baadaye nilimsikia mama jikoni akimwambia dada yangu mkubwa, "Mzee akizoea kitanda haamki tena." Yeye hakucheka.

Mimi nilipewa jina la Shosho, ndiyo desturi yetu, na yeye hakuwahi kuniita mtoto. Aliniita wajina. Basi nyonga yake iliniuma na mimi. Niliogopa kwamba akienda ataenda na jina, halafu mimi nibaki naitwa nani?

Nikamwuliza dada mlima uko wapi.

"Kwani hujui? Umeolewa Nanyuki," akasema, huku anakunja kamba ya kuni.

"Utarudi lini?"

"Mpaka mtu aende kuuleta. Si uende wewe? Si uko na miguu?"

Akaondoka kwenda kutafuta kuni, anacheka peke yake. Mama alikuwa kwenye majani chai. Nikabaki mimi na Shosho, yeye amelala.

Nilichukua kamba ya ng'ombe na konzi moja ya chumvi ya ng'ombe. Ng'ombe mkaidi huletwa kwa chumvi, hilo nililijua vizuri, na ule weupe wa kule juu nilikuwa na hakika ni chumvi ambayo mlima ulikuwa umejipaka ukilamba. Nikapanda wilbaro, toroli la kubebea samadi, iliyokuwa nyuma ya zizi, chini ya mabati. Nikafumba macho, nikanguruma kwa mdomo, ikang'oka.

Mwanzo ilikuwa raha. Sokoni Karatina kina mama wa viazi walinipisha. Nikawauliza, "Mmeona mlima?" Wakasema, "Umepita hapa asubuhi, mbio!" Nikapita Kiganjo, nikapita Naro Moru, miji niliyoijua kwa kusikia makanga wa magari ya abiria wakiiita tu, kwa hivyo niliijenga nilivyotaka: mmoja wote wa mahindi choma, mwingine wa mbuzi weupe. Halafu nikaishiwa na miji. Hata ile Nanyuki ya dada sikuiona. Mahali pasipo na jina palikuwa na ukungu tu, na mianzi inayogongana. Hakukuwa na mtu wa kuuliza. Nilitaka kugeuza, lakini sikuwa nimefikiria wilbaro inageuzwaje.

Kitu kikahema. Karibu kabisa, juu ya sikio langu.

"Mlima," nikasema kwa sauti ndogo, "Shosho anakungoja." Nikanyoosha mkono wenye chumvi.

Ulimi mpana, wa moto, unaokwaruza, ukanizoa mkono wote hadi kwenye kiwiko.

Leo najua ni ng'ombe wetu, alikuwa ametoa kichwa kati ya mbao za zizi. Wakati ule sikufumbua macho. Niliona mlima umefika, mweusi, umelowa, mkubwa kuliko unavyoonekana kutoka jikoni, unataka chumvi nyingine na mimi sina. Utanifuata mpaka nyumbani. Utakanyaga majani chai, utakanyaga jikoni, na chumba cha Shosho ndicho kitakuwa cha kwanza. Na ni mimi niliyeuita.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Rudi kwenu! Shosho, amka! Unakuja!"

Wilbaro ikapinduka nami. Nikajikuta kwenye tope, kamba imenizonga miguu, nalia mpaka pumzi inakatika.

"Wajina! Wajina, nani amekushika?"

Nikafumbua macho. Shosho alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, gauni la kulalia na sweta, miguu mitupu, mikono yote miwili kwenye mwimo. Kisha akauachilia mwimo, akaingia kwenye tope.

Pale ndipo nilipoogopa kweli. Ule mlima ulikuwa mchezo.

"Shosho, usije! Utaanguka!"

"Na wewe nani atakutoa hapo?"

Mguu mmoja. Akasimama, akashika hewa. Mguu mwingine. Nilijinasua kwenye kamba nikamkimbilia.

"Usinikumbatie, utaniangusha. Simama hapa. Nipe kichwa."

Akaweka kiganja juu ya kichwa changu na uzito wake wote ukashuka shingoni. Mguu wake ulikuwa unatetemeka, na kule kutetemeka kukapita mwilini mwangu hadi kwenye nyayo.

"Mlima haujatokea," nikamwambia.

"Nani amekuuliza mambo ya mlima? Tembea. Pole pole, usiburute mtu mzee."

Tulikuwa tumekaribia mlango dada alipotokea na mzigo wake. Akaubwaga chini. "Haki! Mama! Mama wee! Shosho!"

Mama, huko kwenye majani chai, alisikia jina hilo tu. Alikuja mbio akilia, kikapu mgongoni, majani yanamwagika nyuma yake. Akamkuta Shosho ameketi kwenye kigoda mlangoni, anahema, tope hadi magotini. Mama akasimama pale, hajui amgombeze nani kwanza.

"Sasa wewe unalilia nini?" Shosho akamwuliza. "Lete maji moto. Mimi na wajina tumechafuka."

Mama akapiga magoti akamwosha miguu, kikapu bado kiko mgongoni, machozi yanaingia kwenye beseni. Mimi nilijibana begani kwa Shosho, shingo inaniuma, nikakataa kabisa kutazama nyuma ya zizi.