Mashine Iliyopenda Wageni

Donatille wa Misunkumilo alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni: hakuweza kuona kitu kimefungwa skrubu akakiacha. Alianza na redio ya baba yake, akaja kwenye saa ya katekista, akamalizia na cherehani ya mama. Nisimsingizie, vyote alivirudisha vikiwa vizima, ingawa ile redio tangu siku hiyo ilikamata Bujumbura tu. Alipokwenda Dar es Salaam kusomea elektroniki, majirani wenye redio walishusha pumzi. Akarudi na laptop kuukuu iliyopasuka pembeni, disketi mfuko mzima, na kibao cha kompyuta kisicho hata na sanduku, ukubwa wa daftari la shule. Ndani ya kibao aliweka Linux, mfumo ambao yeye na wenzake chuoni walikuwa wakinakiliana bure, na aliupenda kuliko mchumba, maana ule uliruhusu kufunguliwa mpaka utumbo.

Sasa, baba yake, mzee Ladislas, alikuwa mkulima wa tumbaku. Na anayelima tumbaku anajua: jani likishaingia bani, yaani ile nyumba ya udongo ya kukaushia, wewe na moto mmeshafunga ndoa. Joto lipande taratibu. Likikimbia, jani linaungua. Likirudi nyuma, linageuka jeusi, na jasho la mwaka mzima umelitupa. Mwenye bani halali vizuri, haendi hata msibani, kila saa yuko mlangoni anachungulia kipimajoto. Donatille alimwonea huruma. Akamwahidi kwamba msimu ule, wa mwaka tisini na tisa, atatundika vipimajoto vinne bani, vyote kwenye waya mmoja unaovuka uwanja mpaka sebuleni. Kibao kingeviita kimoja kimoja kwa namba yake, kila kimoja kiitike na joto lake, na tarakimu zionekane kwenye kidirisha kidogo. Mzee angekaa kwenye kiti chake na chai mkononi, anatazama moto wake kama mkuu wa wilaya anavyotazama gwaride.

Furaha ikampanda mzee kichwani. Waya haujafungwa vizuri, akachukua kipimajoto chake cha zamani cha kioo, akavuka barabara, akampa jirani yake mzee Telesfori, Mkonongo, mwenyeji aliyezaliwa pale pale. "Chukua, jirani," akamwambia. "Mimi sasa nina mtoto." Akarudi anatembea kifua mbele, akapandisha majani bani, akawasha moto.

Na mashine ikagoma.

Haikugoma moja kwa moja, hapo ndipo ilipomtia Donatille wazimu. Alipounganisha laptop na kukiamuru kibao kiandike kila hatua kinayofanya, namba zilikuja zote nne, safi, thelathini na nane, thelathini na tisa. Lakini laptop ilikunywa umeme wa betri ya gari kama ng'ombe, na jua la kuichaji kwa paneli lilikuwa limefichwa na mvua. Kwa hiyo anazima yale maandishi, anafunga laptop, na papo hapo kidirisha kinabaki na vistari vitupu. Anafungua, namba hizi hapa. Anafunga, vistari. Akakata waya wote akaunga upya, akaviringishia nailoni kila kiungo. Vistari. Yaani kitu kilikuwa kinafanya kazi kikitazamwa, kikiachwa peke yake kinalala, sawasawa na wanafunzi wa darasa la tatu.

Alijua kosa liko wapi kwa ujumla. Lilikuwa kwenye draiva, ile programu ya kuendesha waya, ambayo aliiandika mwenyewe kwa mkono wake na alijivunia kila mstari. Waya ulikuwa mmoja tu, kwa hiyo kibao hakikuweza kusema na kusikiliza kwa pamoja: kinaita namba, kinafunga mdomo, kinasubiri jibu. Mahali fulani katika kuita, kufunga na kusubiri kulikuwa na mdudu, naye alimsaka siku nzima bila kuona hata mguu wake.

Mzee Ladislas yeye aliona kitu kingine. Aliona kwamba kila jirani akipita kushangaa, Donatille anafungua laptop kumwonyesha, na namba zinakuja. Jirani akiondoka, vistari. Akakaa akatafakari, akafikia uamuzi.

"Mwanangu," akasema, "hii mashine inapenda wageni."

"Baba, ni programu. Haipendi mtu."

"Wewe umesoma, sikatai. Lakini mimi nina macho." Akamwita mkewe jikoni: "Joséline, chemsha chai."

Basi wewe, sikwambii. Katekista Salvatori akaitwa, akaja na mkewe. Mzee Telesfori akavuka barabara, akaja naye. Wakaja akina mama wa kwaya ya kigango, na kwa kuwa walikuwa na mazoezi siku ile, wakayafanyia pale pale sebuleni, soprano wamekalia magunia ya karanga. Mzee akawakalisha wageni wakielekea kidirishani, wasikipe mgongo, maana hiyo ingekuwa dharau. Na Donatille afanye nini? Watu wamekuja, wanataka kuona. Anafungua laptop, namba zinatiririka, kwaya inapiga vigelegele, mzee anakimbia bani kupunguza kuni, anarudi kashika goti akicheka. Donatille mwenyewe, kwa hasira yote aliyokuwa nayo, akajikuta anaimba sauti ya pili. Miaka mingi hawakuwahi kufurahi hivyo katika nyumba ile, na yote kwa sababu ya kosa lake.

Ila betri ilikuwa inakwisha, na alilijua yeye peke yake. Jani lilikuwa limeshageuka njano, na kesho asubuhi moto ulitakiwa uongezwe, ile hatua ambayo joto likipita kidogo tu bani zima linakwenda. Kumwambia baba akaombe kipimajoto chake kwa Telesfori? Mzee angekubali kwanza aungue yeye. Basi baba angepoteza jani lake kwa kumwamini mtoto wake.

Jioni mapema mvua ikaanza, wageni wakaaga. Katekista akatoka, kwaya wakatoka, mzee akatangulia nao na mwavuli. Donatille akageuka: sebule tupu. Mvua ilikuwa inapiga ndani, na akili yake yote ilikuwa kwenye laptop, basi akausukuma mlango kwa nyonga. Mlango ukagota kwenye kitu laini, na huko nje mtu akaguna.

Alikuwa mzee Telesfori. Alikuwa bado kizingitini, ameinama, anahangaika na ndala zake, na mlango umemkamata kisigino.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Donatille. Hivyo ndivyo nilivyokulea? Unamfungia mtu mzima mlango kisiginoni?"

"Mama, niliona sebule tupu."

"Sebule kuwa tupu ndiyo mgeni kaondoka? Mgeni yuko mlangoni anavaa ndala, wewe unafunga. Angalia kizingiti kwanza, ndiyo ufunge."

Donatille akalirudia neno la mama kimoyomoyo: kizingiti kwanza, ndiyo ufunge. Akamshika mzee Telesfori mikono yote miwili, akampa pole, akamshukuru, akampa pole tena, akarudi mbio kwenye laptop. Mzee wa watu akaenda zake akichechemea, anajiuliza ameshukuriwa nini.

Kumbe ndicho ilichokuwa inakifanya draiva yake. Ile chipu inayotoa herufi kwenda kwenye waya ina ishara mbili. Ya kwanza inasema: sebule tupu, hakuna herufi inayosubiri zamu. Ya pili inasema: hata ile ya mwisho imeshavuka kizingiti. Draiva yake ilikuwa inaangalia ya kwanza, halafu inafunga mlango ili isikilize, na herufi ya mwisho inabanwa kisigino. Vipimajoto vinasikia mwito uliokatika, vinanyamaza. Kibao kikiwa kinaandika maandishi yake kinachelewa kidogo, na katika kuchelewa huko herufi ya mwisho inapata nafasi ya kuvaa ndala zake na kutoka. Akabadilisha mstari mmoja. Akafunga laptop.

Arobaini na moja. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na moja.

Alicheka mpaka akakaa chini. Mama akacheka bila kujua anacheka nini. Mzee Ladislas aliporudi hakuridhika. "Imewaona nyie wawili," akasema, akawatoa wote nje, wakasimama kwenye manyunyu, yeye akachungulia kwa pembe ya dirisha, jicho moja, ili mashine isimwone. Namba zilikuwa zinabadilika zenyewe, hakuna mtu sebuleni. Akachungulia tena. Akaanza kucheza palepale uwanjani, bila ngoma.

Mama alipofungua mlango waingie, aliona leso imekunjwa na kuegeshwa nyuma ya mwimo, pale Telesfori alipokuwa ameinama. Akaifungua. Ndani kulikuwa na kile kipimajoto cha kioo cha Ladislas.

Mzee Ladislas akaacha kucheza. Alikichukua, akakigeuza mkononi. Kisha akaingia nacho bani, akasubiri kitulie, akaita kwa sauti, "Arobaini na mbili!" Donatille akatazama kidirishani. Kipimajoto cha karibu na mlango, arobaini na mbili.

Mzee akakipangusa vizuri, akakifunga tena ndani ya leso, akavuka barabara. Donatille aliwaona kwa mbali, wazee wawili chini ya mwavuli mmoja.

"Nimekuletea kitu umesahau kwangu," baba yake akasema.

"Sikusahau, jirani."

"Najua."

Halafu Telesfori akamsindikiza Ladislas mpaka mlangoni kwake. Ladislas akaona haiwezekani mtu mwenye kisigino kibovu arudi peke yake, naye akamsindikiza. Telesfori naye akaona si ungwana. Mvua ikakatika, giza likaingia, wao bado wako barabarani wanarudishana, na sebuleni namba zinaitika, hakuna anayezitazama.