Nilivyomwelewa mwanafalsafa wa Kiingereza nikiwa nimetia mikono kwa gunia la mahindi, Kitale

Wakuu, heri kwenu nyote.

Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, na shule yangu iliishia darasa la sita. Mkiona nimepotoka, semeni. Lakini haya yalinipata mwenyewe, na daftari nilizoandika wakati huo ziko hapa mezani.

Nimewaona humu mkibishana juu ya wale wanafalsafa wa zamani wa Uingereza, waliosema akili ya mtoto ni kama karatasi tupu, na kila kitu huingia kwa macho, masikio, ulimi na ngozi. Mmoja wao nilimsoma miaka ya hamsini. Jina silitaji, nisije nikambebesha maneno yangu.

Wakati huo nilifanya kazi kwa stoo ya mahindi pale Kitale. Natia mkono kwa gunia, nasema yamekauka au bado; yenye maji huwa baridi mkononi. Gunia likikataliwa, nalichora msalaba wa makaa.

Kitabu niliazimwa na mwalimu mstaafu wa kwetu Bungoma. Nilikisoma Jumapili baada ya kanisa, ukurasa mmoja, kisha kichwa kinauma.

Habari ya karatasi niliielewa. Kilichonishinda ni pale anaposema kwamba joto tunalohisi haliko ndani ya maji vile tunavyodhani. Ati maji yale yale yanaweza kuwa baridi kwa mkono mmoja na moto kwa mwingine.

Niliandika kwa daftari: "Huyu mtu ananidanganya, ama mimi ni mjinga. Pengine yote mawili."

Ningechukua maji na karai ningejua siku hiyo hiyo. Sikujaribu. Niliona ni mambo ya vitabu.

Sasa, asubuhi moja ya baridi, ile baridi ya Kitale mnayoijua, akaja mama mmoja kutoka Misikhu na magunia sita kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tumwite Mayi, maana ndivyo sisi huita mama wa umri huo. Nyuma yake kwa foleni walikuwa wanawake wawili wa kanisa lake.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha bati cha uji. Nikakiweka chini, nikatia mkono kwa gunia la kwanza. Baridi, kama kitu kilicholala kwa umande. La pili, hivyo hivyo. Yote sita. Nikachora misalaba.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini kuna watu walikuwa wakimwagia mahindi maji ili yawe mazito, nami nikasema kwa sauti:

"Mayi, haya umeyatia maji."

"Mimi? Nimwagie mahindi maji kama kitunguu cha shambani?"

Mtu akacheka kwa foleni. "Hata wa kanisa, bana."

Wale wanawake wawili walitazama chini. Nikajua neno langu litafika Misikhu kabla ya mkokoteni wake.

Mayi hakupiga kelele. Aliangalia kikombe changu.

"Kijana, hiyo mkono imetoka kwa uji ya moto sasa hivi. Si uweke hiyo ingine?"

Nikaweka wa kushoto. Hakukuwa na baridi yoyote. Nikapasha wa kulia kwa kikombe, nikarudisha. Baridi. Gunia ni lile lile. Nikabaki nimezamisha mikono yote miwili mpaka viwiko, kama mtu aliyeangusha kitu ndani, na ule ukurasa ukanijia wote.

Lakini mkono upi ndio mkweli? Nikaenda kuchukua chupa. Unatia chumvi kavu na mahindi kidogo, unatikisa. Chumvi ikishika kwa kioo, mahindi yana maji. Ilikuwa kwa rafu siku zote. Sikuitumia kwa sababu mkono ni wa haraka.

Karani mkuu wa stoo akasema, "Foleni ni ndefu."

"Bwana, nimemwita mtu mwizi."

"Basi fanya upesi."

Magunia matano, kioo kilibaki safi.

La sita, chumvi ilishika. Ningependa kuwaambia yote yalikuwa makavu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mayi akaiangalia mwenyewe ile chupa.

"Hiyo ilikuwa chini, ikanyeshewa jana. Hiyo kataa. Ni ya mvua, si ya mimi."

Nikafuta misalaba mitano kwa mkono wa shati. Nikasema, "Nilimsingizia huyu mama."

"Rudia," Mayi akasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Mmoja wa wale wanawake akaja kumsaidia kuanika gunia la sita kwa turubai, wakaanza kuzungumza yao.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekataa watu wawili kabla yake, na walishaenda. Sijui kama niliwaonea. Ila tangu siku hiyo kila mkokoteni ulipimwa kwa chupa, na watu wakaanza kuidai wenyewe.

Funzo nililopata: yule Mwingereza hakusema tudharau mkono. Naona alisema mkono unaniletea habari za mahindi na habari zangu mwenyewe zikiwa zimechanganyika, kwa hivyo niulize tena kwa njia nyingine kabla sijamhukumu mtu.

Ninapokwama bado ni hapa: chumvi nayo niliiona kwa macho, na macho ni kama mkono tu. Nani huyapima macho? Waliosoma kuliko mimi, naombeni mnijibu taratibu. Ninasoma kila jibu, hata la kunikosoa.